Viti vya Motokaa ya Baba Mkwe

Nilipoolewa niliikuta motokaa pale nyumbani. Ilikuwa nyuma ya nyumba ya baba mkwe mjini Same, chini ya banda la mabati lisilo na kuta, imefunikwa mashuka mawili makuukuu. Ilikuwa ndefu kwenda juu, nyeusi, yenye taa mbili kubwa za shaba na magurudumu ya njiti za mbao. Injini yake iliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono pale mbele. Barabarani wakati ule, miaka ya mwisho ya Mwingereza, zilipita gari za chini chini zenye vioo vilivyopinda, na mimi nilipoitazama ile ya kwetu nilimwonea huruma mwenye nayo.

Baba mkwe alikuwa dereva wa meneja wa shamba la katani huko tambarare. Aliiendesha motokaa ile tangu siku iliposhushwa kwenye behewa ikiwa mpya. Meneja alipozeeka na kurudi kwao Ulaya, alimwachia, na akamwandikia karatasi yenye sahihi ili asije mtu akasema ameiiba. Baba mkwe akaendelea kuiendesha mwenyewe, hadi macho yake yalipoanza kufunga utando. Nilipofika mimi alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Mama mkwe alikuwa Vudee, juu milimani, akiangalia shamba. Mume wangu alikuwa Tanga kwa mafunzo ya reli. Kwa hiyo nyumba ile ya Same ilikuwa ya watu wawili, mzee asiyeona na bibi harusi wa miezi mitatu.

Kila siku alasiri mzee alikwenda bandani, akaondoa mashuka, akapanda na kukaa nyuma ya usukani. Nilimpelekea chai huko huko. Kando yake aliweka kitabu kidogo chenye jalada gumu, alichokuwa akiandika wakati macho yalipokuwa yakiona. Aliwahi kusoma shule ya misheni, na mwandiko wake ulikuwa wa herufi kubwa zilizosimama wima. Wakati mwingine aliniomba nimsomee. "Leo nimebadilisha plagi mbili. Za zamani ziko kwenye sanduku." "Leo taa ya kushoto imepasuka kioo, tumeagiza kingine, fremu ni ile ile." Kitabu kizima kilikuwa hivyo. Na kweli chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati lililojaa vyuma vilivyokwisha kazi. Mara moja nilimuuliza kama naweza kuvitupa. Akasema, "Hapana, mwanangu," kwa sauti iliyonifanya nisiirudie tena habari hiyo.

Mwaka ule aliamua kuiuza. Alisema hataki ife chini ya bati wakati injini bado ina nguvu, na mwanawe wa reli hata kuiwasha hajui. Habari zikafika Arusha kwa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa aliyekuwa akikusanya motokaa za zamani. Naye akamtuma kwanza fundi wake aje kuikagua.

Alikuwa Mhindi wa makamo, mwenye vidole vilivyoingia grisi hadi kwenye kucha. Alishuka kwenye treni asubuhi na hakuondoka hadi jua lilipoanza kupoa. Alilala chini ya gari. Alipangusa injini kwa kitambaa akasoma namba iliyochongwa pale, akaomba ile karatasi ya meneja, akalinganisha. Alikuna rangi kwa ukucha mahali pasipoonekana. Aliomba sanduku la bati, akachambua kile chuma na hiki kana kwamba anachagua mchele. Nilipowapelekea chai, nilimkuta amesimama mlangoni mwa gari, akipigapiga kiti kwa kiganja na kutikisa kichwa.

"Na viti hivi!" alimwambia baba mkwe. "Mzee, viti hivi! Bwana akiviona..."

Akaniona, akanyamaza, akapokea kikombe.

Niliporudi jikoni uso ulikuwa unawaka. Nilikuwa nimefundishwa kushona na akina mama wa misheni, na pale mtaani watu waliniletea magauni na kaptura. Mgeni ametoka Arusha, amekuta katika nyumba ninayoitunza viti vilivyofifia rangi, ngozi imejaa nyufa ndogo ndogo, na mshono mmoja umeachia. Niliona aibu ile ile ambayo ningeona kama angekuta mende kwenye sukari.

Fundi aliondoka akisema atarudi na Bwana wake baada ya wiki mbili. Siku tatu baadaye likaja jambo la msiba. Dada yake baba mkwe alifariki huko Vudee, na mpwa wake akaja kumchukua. Mzee aliniaga akaniambia nifunge mlango vizuri. Nami nikaona Mungu amenipa nafasi.

Nilichukua akiba yangu ya kushona nikanunua turubai la kijani dukani, zito, safi, lenye harufu ya upya. Nikafumua ngozi zote nne, mbili za mbele na mbili za nyuma. Magodoro ya ndani na springi sikuyagusa. Nilishona siku nne. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri, hata leo nasema ilikuwa kazi nzuri. Pembe zilikaa, mishono ilinyooka. Motokaa ikapendeza kama kibanda kilichopakwa chokaa kwa ajili ya Krismasi. Ngozi za zamani nilizikunja nikampelekea fundi viatu aliyekuwa akikaa nje ya soko, naye akanipa jozi ya makubadhi ya mume wangu.

"Ngozi ngumu hii," alisema akiikunja.

"Utaiweza," nikamjibu.

Baba mkwe alirudi baada ya siku nane, saa za mchana. Nilimpokea mzigo, nikampa maji ya kunawa, nikamwandalia chakula. Hata hakumaliza kula, akainuka kwenda bandani. Nilimfuata nyuma nikitabasamu peke yangu. Kabla hajafika akasimama, akanusa hewa.

"Nani amefungua turubai hapa?"

"Ni mimi, Baba. Njoo uguse."

Alinyoosha mkono akaweka kiganja kwenye kiti cha dereva. Akakiacha pale. Kisha akagusa cha pili, akazunguka, akagusa vya nyuma, polepole, kimoja kimoja.

"Nimevishona upya, Baba. Yule fundi alivisikitikia."

"Alivisikitikia?"

"Nilimsikia. Alisema, Mzee, viti hivi, Bwana akiviona..."

"Alisema Bwana akiviona hatabishana bei." Mzee alisema bila kupandisha sauti. "Alisema amekagua gari nyingi za umri huu na zote zimeshonwa viti vya juzi. Hivi ni vile vilivyotoka navyo kiwandani. Ndiyo maana akatikisa kichwa, mwanangu. Hakuwa akiamini."

Nilitazama mishono yangu iliyonyooka.

"Mtu anayetaka gari la kumfikisha Moshi hanunui hili," akaendelea. "Atanunua jipya. Huyu anataka hili kwa sababu halijabadilishwa. Injini ni yake, namba zinalingana, karatasi ipo, taa ni zake. Hata kile nilichokitoa nimekiweka. Gari kama hizi zilikuja chache, na zilizobaki nzima ni chache zaidi. Fundi alinieleza yote hayo, nami nikasema nitakuja kukueleza, halafu msiba ukanichukua." Akapumua. "Ngozi iko wapi?"

"Nimempa fundi viatu."

Baba mkwe alikaa kwenye kibao cha kupandia, akavua kofia, akaishika magotini. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilikuwa na miezi mitatu tu katika ukoo ule, na tayari nilijiona nikirudishwa kwetu na sanduku langu kichwani.

"Wanakuja lini?" niliuliza.

"Siku ya nne kutoka leo." Kisha akasema, "Nenda. Labda hajaikata."

Nilikimbia mpaka sokoni na kanga kiunoni. Mahali pa fundi viatu palikuwa na vumbi tu. Mama aliyekuwa akiuza ndizi jirani yake akaniambia, "Ameondoka jana na mzigo wake. Anakwenda gulio la Mbaga, kule mlimani, hukaa huko mpaka amalize kuuza."

Nilirudi nyumbani nikachukua makubadhi ya mume wangu na kuyatia kwenye kikapu. Mzee alisema jirani atampa chakula, nisimfikirie yeye. Alasiri ile ile nilipata lori lililopeleka chumvi Mwembe, na huko nikalala kwa mke wa mwinjilisti, ambaye alinipa makande nisiyoweza kuyameza. Kulipopambazuka nikaanza kupanda.

Kupanda Mbaga kwa miguu ni kazi kwa mtu mwenye moyo mweupe, sembuse kwa mimi wa siku ile. Njia ilipinda na kupinda, maji ya mifereji yakikata mbele yangu, mahindi na maharage yamepangwa kwenye kingo za mlima, na baridi ikazidi kadiri nilivyopanda. Watu walishuka wakitoka gulioni na mizigo. Nilikuwa nikiwaamkia wakubwa huku macho yangu yako miguuni mwao. Kila jozi ya ndala niliikagua. Hii ni ya tairi. Hii ni ya ng'ombe mpya. Hii, Mungu wangu, rangi hii! Nikainama kidogo, kumbe ni tope.

"Shikamoo, Bibi," nilimwambia bibi mmoja.

"Marahaba. Mwanangu, umedondosha nini? Mbona unatafuta chini?"

"Natafuta viti vya gari, Bibi."

Alinitazama sana, kisha akanipa ndizi mbili na kuniambia nipumzike kidogo jua lisinipige. Nadhani alifikiri nimechanganyikiwa.

Nilifika gulioni watu wameanza kupungua. Niliona kwanza viatu vyake, vimepangwa juu ya gunia, nikavipitia vyote kwa macho. Halafu nikamwona mwenyewe, anatoboa mkanda kwa msharasi, ameketi. Chini yake, zimekunjwa vizuri moja juu ya nyingine, zilikuwa ngozi zangu. Alikuwa amezikalia.

Nikakaa chini pale pale mbele ya viatu vyake, nikaanza kucheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko.

"Vipi tena, mama?" aliniuliza. "Makubadhi yamemkataa bwana?"

"Hayajamkataa. Umezikata?"

"Nini?"

"Hizo ulizokalia!"

Alijiinua akazitazama kana kwamba ndiyo kwanza azione. "Hizi? Hizi hazina kazi. Nilikata kipande kimoja nitengeneze mkanda, kikavunjika hata kabla sijapiga msumari. Zimekauka. Zinafaa kukalia tu."

"Kipande kiko wapi?"

Alipekua kwenye boksi lake la vyuma akanitolea, kimekatika pande mbili, upana wa kiganja. Nilivipokea vyote viwili kwa mikono miwili. Nikampa makubadhi yake, na alitaka kukataa akiona ananipunja, nikamsihi ayachukue. Sijui kama nilimuaga. Nakumbuka nikishuka mlima na mzigo kichwani, na mifereji ile ile sasa naisikia ikilia, na nikala zile ndizi mbili za bibi bila kusimama.

Nilifika Same siku ya tatu asubuhi. Baba mkwe alikuwa kibarazani. Aliposikia hatua zangu alisimama. Nikamwekea ngozi mikononi, naye akazinusa, akazipitisha vidole pembeni pote hadi akafika pale palipokatwa.

"Ni hapa tu?"

"Ni hapo tu, Baba. Na kipande ninacho."

"Haya," alisema. "Kunywa chai kwanza. Kisha tushone."

Kazi ile hatukutumia cherehani. Aliniambia sindano ipite kwenye matundu ya zamani tu, nisitoboe hata moja jipya. Nilitia uzi nta, nikashona kwa mkono, naye amekaa kando akinifuata kwa ukucha wa kidole gumba. "Hapo umeruka tundu moja," alikuwa akisema, na kila mara ilikuwa kweli. Tulishona siku ile yote na kesho yake asubuhi. Katikati ya kazi alinisimulia jinsi walivyokwama na meneja kwenye mto uliofurika, wakalala ndani ya motokaa hadi asubuhi, meneja kiti cha nyuma na yeye cha mbele. Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza kwa muda mrefu namna ile. Kile kipande kilichokatika nilikiunga kwa nyuzi ndogo sana, lakini alama ilibaki, kwenye kiti cha nyuma upande wa kushoto.

"Baba, kwani wataona?"

"Tutawaambia wenyewe," alijibu. "Yule fundi ataona. Na asipoona, mtu aliyelipia kitu ambacho hakijaguswa amepewa kilichoguswa. Siwezi kumuuzia mtu namna hiyo."

Walifika mchana, Bwana wa Arusha na fundi wake. Mzungu yule alikuwa mrefu, mwenye kofia ya majani makavu, na Kiswahili chake kilieleweka. Alimsalimia baba mkwe kwa heshima, akaizunguka motokaa mara mbili bila kuigusa. Fundi akaenda moja kwa moja kwenye viti. Niliona mgongo wake ukiinama, kisha ukasimama.

"Viti hivi vimefunguliwa," alisema.

Baba mkwe alifungua kinywa, lakini nilimtangulia. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema yote, tangu chai na kutikisa kichwa, turubai, makubadhi, lori la chumvi, mpaka gulio la Mbaga na fundi viatu aliyezikalia. Nilipofika hapo fundi alijiziba kinywa kwa mkono wake wenye grisi, mabega yakamtikisika. Bwana wake hakucheka. Alimwambia, "Angalia."

Fundi alipiga magoti. Aliinua ukingo wa mshono kwa kisu kidogo, akafuata tundu kwa tundu, kiti baada ya kiti. Ilichukua muda ambao mimi niliuona kama kwaresima nzima. Mwishowe akasimama akipangusa magoti.

"Matundu ni yale yale. Ngozi ni ile ile. Uzi ndio mpya. Na hapa pamekatika."

"Mwezi uliopita nilionyeshwa gari Nairobi," Bwana alisema, akitutazama mimi na mzee. "Rangi mpya, viti vipya, linang'aa kama sufuria. Hakuna aliyejua limetoka wapi wala nini kimebadilishwa. Sikulitaka." Akamgeukia baba mkwe. "Fundi aliniambia una kitabu."

Mzee alimpa. Yule Bwana alipanda akakaa kiti cha nyuma, upande wa kulia, akakisoma. Injini aliitazama dakika chache, lakini kitabu alikaa nacho hadi chai ikapoa. Alikuwa akiuliza, "Huu mto ni upi?" au "Hii springi ilivunjika wapi?" na baba mkwe, macho yakiwa yameelekea ukuta wa nyumba, alijibu kila swali kana kwamba ilikuwa jana. Nilielewa siku ile kwamba kile alichokuwa akinunua Mzungu yule kilikuwa pia ndani ya kitabu na ndani ya sanduku la vyuma vilivyokufa ambalo nusura nilitupe.

Bei ilipungua kidogo kwa ajili ya ule mkato. Baba mkwe aliona ni haki, na walishikana mikono. Hata hivyo kilichobaki kilizidi alivyotarajia, maana alicheka kifupi, akaniambia kwa Kichasu, yaani Kipare, nilete chai nyingine. Kisha Bwana akasema kitabu hakijakamilika, kuna jambo halijaandikwa. Akanipa kalamu. Nikaandika chini ya mwandiko uliosimama wa baba mkwe: "Viti vimefunguliwa na mkamwana na kushonwa tena na mkamwana. Ngozi ni ile ile."

Fundi alizungusha mkono wa kuwashia, na injini ikaitika mara ya kwanza.

"Ipunguzie mafuta," baba mkwe akasema. Fundi akapunguza, sauti ikatulia. Walipotoka barabarani mzee alibaki amesimama langoni, kichwa amekiinamisha upande mmoja, hadi ile sauti ilipomezwa na upepo wa kwenye mikonge. Nilingoja alie. Hakulia. Aligeuka akaniuliza kama nyumbani kuna chakula.

Yalikuwapo makande ya jana. Nikayapasha moto, nikampakulia, nikajipakulia na mimi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu Mwembe sijala chakula cha kueleweka. Nilikula sahani ya kwanza, ya pili, nikakwangua na sufuria. Baba mkwe alisikia kijiko kikigonga chuma, akasema nisione haya. Halafu nikaegemea ukuta wa jikoni nipumzike kidogo, na usingizi ukanichukua pale pale, jua bado liko juu. Katikati ya usingizi nilimsikia jirani akibisha hodi na kuuliza kama gauni lake limekwisha kushonwa. Nilitaka kuamka nikashindwa.

"Njoo kesho," nilimsikia baba mkwe akimjibu taratibu. "Mwanangu amelala."